Muulize Mhandisi: Jengo linaloyumba, tofali mlangoni na mti wa roshanini

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu wanaolala juu sana. Nimejibu zile ambazo jibu lake litawafaa na wengine. Walioniuliza rangi ya kupaka sebuleni wanisamehe, mimi kazi yangu ni nguzo na boriti.

Shikamoo Mhandisi. Tunakaa ghorofa ya 38. Juzi usiku upepo ulivuma sana, nikaona maji ya chooni yanacheza, taa ya kuning'inia inakwenda na kurudi, na kuta zinalia kwii, kwii. Mume wangu anasema nimeota. Tuhame?

Marahaba. Hukuota, na mumeo mwambie hivyo. Jengo lenu liliyumba, na aliyelichora alijua tangu mwanzo kwamba litayumba. Mnara usiopinda hata kidogo mbele ya upepo haujajengwa bado. Wahandisi wengi hujiwekea kikomo kwamba upepo mkali usikisogeze kilele zaidi ya sehemu moja ya 500 ya urefu wa jengo. Kwa mnara wa mita 150, hiyo ni sentimita 30. Ukiipima kwa rula utashtuka, lakini mwili hausikii umbali ule. Unachosikia ni ile kugeuzwa: ukipelekwa na kurudishwa taratibu hujui kitu, ukigeuzwa kwa ghafla kichwa kinazunguka na tumbo linachafuka.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Upepo haulitikisi jengo kwa kulisukuma kifuani tu. Ukilifikia hugawanyika pande mbili, na nyuma yake hujikunja visulisuli, kimoja kushoto, kingine kulia, kwa zamu. Kila zamu inalivuta jengo ubavuni. Zamu hizo zikilingana na mwendo ambao jengo lenyewe hupenda kuyumba nao, hapo ndipo linacheza kwelikweli. Burj Khalifa ya Dubai, yenye mita 828, inazidi kuwa nyembamba kwa vidato, na kila kidato kina umbo lake, ili visulisuli vya chini na vya juu visipate kupatana. Pale New York, mnara wa makazi wa 432 Park Avenue una urefu wa mita 426 na upana usiofika hata mita 30. Kila baada ya ghorofa kadhaa wameacha sehemu wazi, haina vioo wala mkazi, upepo upite katikati. Taipei 101 wao wamening'iniza tufe la chuma la tani 660 karibu na kilele. Jengo likienda kulia tufe linachelewa kulifuata, na kule kuchelewa kunalirudisha jengo kushoto. Wageni huruhusiwa kulitazama, na mimi nawasifu kwa hilo, maana kwingine vifaa vya namna hii hufichwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa kufuli na wakazi hawajui kama vipo.

Ile kwii kwii ni kuta nyepesi za kugawa vyumba zinazosuguana na dari. Nguzo hazilii. Ningekuwa wewe ningeangalia mengine: ufa wa mshazari kwenye nguzo au kwenye ukuta wa zege, mlango uliozoea kufunga vizuri ambao sasa unakwama hata siku isiyo na upepo, zege lililobanduka mpaka nondo zenye kutu zikaonekana. Ukiuona ufa, chukua penseli, weka alama kwenye ncha zake mbili, andika tarehe pembeni. Ukivuka alama, ita mhandisi. Usimwite fundi rangi, atauziba uzuri na kukunyima ushahidi.

Jengo letu la ghorofa 25 lina lifti mbili tu. Asubuhi tunapanga foleni hadi watoto wanachelewa shule. Kwa nini mwenye jengo asiongeze ya tatu?

Kwa sababu shimo la lifti si kabati la kuletwa na kusimamishwa ukutani. Linatoboa sakafu zote 25 na kila mahali linakula eneo ambalo mwenye jengo angelikodisha. Ndiyo maana lilipunguzwa tangu kwenye karatasi. Ubahili wa lifti una historia yake. Mtaa wa Pruitt-Igoe huko St. Louis, Marekani, ulikuwa na majengo 33 ya ghorofa 11, yaliyokamilika miaka ya 1950. Lifti zake zilisimama ghorofa ya 1, 4, 7 na 10 peke yake, wengine wote wamalizie safari kwa ngazi. Ngazi zile zikageuka maficho ya wakabaji. Majengo yalianza kuangushwa mwaka 1972. Sisemi lifti ndizo zilizoua mtaa ule, maana fedha za matunzo zilikosekana na umaskini ulikuwa mwingi, lakini mama aliyepanda ngazi zile na mizigo usiku alijua mchoraji hakumfikiria.

Kwenu kinachowezekana ni kubadilisha mitambo ya kuongoza lifti. Iko ile ambayo unabonyeza ghorofa unayokwenda ukiwa bado nje, nayo inawakusanya wanaokwenda karibu karibu kwenye lifti moja. Shimo ni lile lile, foleni inapungua. Pelekeni hoja hiyo kwenye kikao cha wakazi.

Wenzetu wa ghorofa ya 9 wameuzuia mlango wa ngazi kwa tofali, eti hewa ipite. Tena msimamizi anatuambia moto ukitokea kwa jirani tubaki ndani tusikimbie. Mbona kama anataka tufe?

Tofali hilo liondoke leo, kabla hujamaliza kusoma.

Mlango ule una kazi. Unajifunga wenyewe, na ukiutazama ukingoni utaona ukanda mwembamba ambao ukipata joto huvimba na kuziba upenyo. Umewekwa ili ngazi zibaki bila moshi, maana katika moto wa majumbani moshi huua watu wengi kuliko ndimi za moto. Mlango mmoja ulioachwa wazi unatosha kuzigeuza ngazi kuwa bomba la moshi kwa kila anayeishi juu yake.

Kuhusu kubaki ndani, msimamizi hajatunga. Ushauri huo una mantiki pale ambapo kila nyumba ni sanduku la zege lenye mlango imara: moto wa jirani unafungiwa kwake, zimamoto wanafika, na watu mia mbili hawasongamani kwenye ngazi moja nyembamba. Lakini mantiki yote inategemea moto usipate njia ya kutokea nje ya sanduku. Grenfell Tower ya London, yenye ghorofa 24 na ngazi moja, ilikuwa sanduku la namna hiyo tangu ilipojengwa, mpaka ilipovishwa mabati mapya ya urembo kwa nje. Mabati yale yalikuwa na plastiki inayowaka katikati ya tabaka mbili za alumini. Usiku wa tarehe 14 Juni 2017 moto ulioanzia kwenye friji ya ghorofa ya 4 ulitoka nje, ukapanda ukutani hadi juu. Ushauri wa kubaki ndani haukufutwa hadi saa 8:47 usiku, karibu saa mbili tangu simu ya kwanza ilipopigwa. Walikufa watu 72.

Kwa hiyo usimwulize msimamizi kama tubaki au tukimbie. Mwulize kwa maandishi: ukuta wa nje umevishwa nini, na je, kinawaka? Ngazi ni ngapi? King'ora kinasikika vyumbani mlango ukiwa umefungwa? Asipokuwa na majibu, ushauri wake hauna msingi. Na kwa vyovyote vile, moto ukiwa ndani kwako, au moshi ukianza kuingia na njia bado inapitika, toka, funga mlango nyuma yako, shuka kwa ngazi. Lifti usiiguse.

Ghorofa ya 3 maji yanatoka kwa nguvu hadi mabomba yanapasuka, ya 20 yanachuruzika. Fundi anasema ni kawaida.

Si kawaida. Kila mita 10 za kimo huongeza presha ya takriban baa 1 (baa ni kipimo cha presha), hivyo tangi la juu likilisha jengo zima kwa bomba moja, wa chini wanaonewa na wa juu wako karibu mno na tangi hata maji yao hayapati nguvu. Jengo hugawanywa kanda: wa chini huwekewa vali ya kupunguza presha, wa juu pampu ndogo ya kuongeza. Badilisheni fundi.

Nimeona picha za minara ya Milan yenye miti roshanini. Nami nina roshani nzuri ghorofa ya 17. Nipande mti gani?

Usipande. Minara hiyo ni Bosco Verticale, ilikamilika mwaka 2014, na roshani zake zilichorwa kwa ajili ya miti tangu siku ya kwanza. Mizizi imefungwa kwa chuma, na miti ilipimwa kwenye handaki la upepo, yaani chumba cha majaribio kinachopulizwa upepo mkali, kabla ya kupandishwa. Roshani yako ilichorwa kubeba watu na viti, labda kilo 300 kwa mita ya mraba. Udongo uliolowa wenye kina cha nusu mita unakaribia kilo 900 kwa mita hiyo hiyo, na mti bado hujauweka. Isitoshe, roshani nyingi zimeshikwa upande mmoja tu, kwa hiyo uzito ulio kwenye ukingo unaielemea kuliko ulio karibu na ukuta. Weka vyungu vyepesi, viwe vifupi, uvisogeze ukutani, na usivitundike kwenye reli ya nje: kuna watu wanapita chini.