Jibu: Kwa nini asubuhi sioni nyuki kwenye maua?

Ndugu, umeuliza kwa nini ukitoka alfajiri majira haya ya kuchipua unakuta tulipu zimefumba na nyuki hakuna. Ni baridi tu. Nyuki wa asali hawatoki sana joto likiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Tulipu nazo hufumbuka kukipata joto, maana upande wa ndani wa petali hukua haraka kuliko wa nje. Alfajiri sikiliza ndege, maua yaache hadi saa nne hivi.

Ila ukiwahi, mtafute yule nyuki mnene mwenye manyoya. Utamkuta ametua, tumbo linapwita: anatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka, mpaka mwili upate moto. Huyo mimi simchoki kumtazama.