Mkopo wa dola: LIBOR imeondoka, nyongeza hii ni halali?

Ndugu yangu, umeuliza kama benki inakuibia kwa kuhamisha mkopo wako kutoka LIBOR ya miezi 6 (kiwango cha zamani cha kupangia riba za mikopo) kwenda SOFR (kiwango kilichochukua nafasi yake) na kuongeza asilimia 0.42826. Hapo usihofu. LIBOR ilibeba hatari ya benki kukopeshana bila dhamana. SOFR hutokana na mikopo ya usiku mmoja inayodhaminiwa na hatifungani za serikali ya Marekani, kwa hiyo kwa kawaida huwa chini. Nyongeza hiyo huziba pengo, nayo iligandishwa Machi 2021. Ya miezi 3 ni 0.26161, usikubali wakichanganya.

Kinachonitia wasiwasi ni faida ya benki yenyewe. Kama mkataba ulisema LIBOR jumlisha asilimia 4, hiyo 4 ibaki. Wakiandika 5, usisaini. Dai maelezo kwa maandishi.