Kodiani ya mtumba: noti inalia ukivuta, ukisukuma kimya

Ndugu, kodiani (kinanda cha mkono chenye mfuko wa hewa) ikitoa noti ukivuta mfuko na kunyamaza ukisukuma, kibonye hakina kosa. Kila noti ina ndimi mbili za chuma kwenye bamba moja, mmoja wa kuvuta, mwingine wa kusukuma. Umekwama mmoja tu, mara nyingi kwa vumbi. Chomoa pini zinazoshikilia mfuko kwa koleo, uzichomeke kwenye kadibodi kwa mpangilio uleule, maana matundu hayalingani. Toa ubao wa ndimi, pitisha kipande cha karatasi nyembamba kati ya ulimi na bamba. Taratibu! Ulimi ukipinda, sauti imeharibika. Mafuta ya kulainisha usiyasogeze kabisa, yananasa vumbi. Bamba likicheza, nta inayolishika imekauka: yeyusha nta ya nyuki na ulimbo kidogo wa msonobari, kwa moto mdogo, uligandishe upya.