Ruzuku ya gesi na umeme nyumbani: maswali yenu wana Dodoma

Wiki hii maswali yamekuja ya aina moja tu. Watu wanauliza serikali inasaidia nini mtu akitaka kuachana na mkaa, kuvuta umeme au kufunga sola kwenye nyumba yake. Niseme mapema, huku kwetu hakuna ule utaratibu wa kununua kwanza afu unarudishiwa hela. Punguzo letu linakaa kwenye bei yenyewe, unalikuta pale unaponunua, na usipojua limekaa wapi linakupita hivi hivi na hela yako unatoa yote.

Nipo kijijini Bahi. Nasikia mitungi ya gesi inauzwa nusu bei, ni kweli au matapeli?

Ni kweli dada. Ni mradi wa REA, Wakala wa Nishati Vijijini, mtungi wa kilo 6 na vifaa vyake, serikali inalipa asilimia 50 na wewe unamalizia. Uko ndani ya ule mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, unaotaka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi. Mgao uliotangazwa ulikuwa mitungi 452,445 nchi nzima, yani 3,255 kwa kila wilaya, sasa piga hesabu wilaya moja ina kaya ngapi utaona kwamba ukisikia gari limefika hutakiwi kusema nitaenda kesho. Beba kitambulisho cha NIDA au namba yake. Uuzaji unafanyika hadharani na ofisi ya kijiji inajua, kwahiyo mtu akikupigia simu eti tuma hela kwanza ndo mtungi uje, usitume hata mia. Ulizia na majiko banifu hapohapo, yale yanayokula mkaa au kuni kidogo, hayo ruzuku yake ni kubwa zaidi, asilimia 80 na kitu.

Kinachoniuma ni kitu kimoja. Ruzuku ni ya kuanzia tu, ukienda kujaza unalipa bei ya dukani, na kilo 6 inajazwa kwa elfu ishirini na kitu. Mama yangu mdogo gesi ilimuishia, mtungi ukakaa miezi miwili kwenye kona umewekewa ndoo ya maji juu, yeye karudi kwenye kuni na macho mekundu. Kilichomrudisha kwenye gesi ni kopo la maziwa ya unga alilolitoboa mfuniko, kila akiuza mayai anadumbukiza 800, siku thelathini inakuwa 24,000. Anza kopo lako siku hiyohiyo unayoleta mtungi nyumbani, usisubiri uishe. Na kila ukibadilisha mtungi chukua sabuni ya maji upake pale kwenye kichwa na kwenye mpira, povu likianza kufura funga, usiwashe hata kiberiti.

Mimi wa Kisasa. Elfu kumi napata uniti 28, jirani yangu kwa elfu kumi hiyohiyo anapata zaidi ya 70. Kuna punguzo la kuomba?

Lipo kaka, na mimi naona hili ni kubwa kuliko hata la mtungi sema halitangazwi na spika. Jirani yako yupo D1, kundi la watumiaji wadogo. Yeye uniti ni shilingi 100, ukiweka VAT na zile tozo za REA na EWURA, wale wasimamizi wa nishati na maji, inakuwa 122, mpaka uniti 75 kwa mwezi. Wewe upo T1, kundi la watumiaji wa kawaida, uniti 292, na makato inafika 356. Kwahiyo uniti 75 yeye anazilipia 9,150, wewe unazilipia 26,700 na ushee. Tofauti ni elfu kumi na saba kila mwezi wa Mungu! Akivuka 75 zile za ziada anazinunua kwa 427, na akiendelea kuvuka vuka wanamhamishia huko uliko wewe.

Nenda ofisi ya TANESCO na namba ya mita uombe wakupitie uhamishiwe D1. Wataangalia manunuzi yako ya nyuma, kama umekuwa ukinunua uniti 120 hawawezi kukukubalia, ndo maana kazi inaanza ndani kwako kabla ya kwenda kwao. Anza na taa. Taa tano za zamani za wati 60 zikiwaka masaa matano zinakula uniti moja na nusu kwa siku, 45 kwa mwezi, yani zaidi ya nusu ya mgao wako imeishia kwenye taa. Weka LED za wati 9, kwa mwezi mzima hazifiki hata uniti 7. Afu angalia friji, chukua noti ya buku ibane na mlango wa friji uivute, ikitoka kirahisi ujue ule mpira umechoka na baridi inatoka usiku kucha, mpira unabadilishwa huna haja ya friji jipya. Lakini adui mkubwa hapa Dodoma ni ile hita ya bombani, Juni na Julai upepo ukianza kila mtu anaitaka. Inakula wati 4,000 na zaidi, watu watano dakika kumi kumi umeshamaliza uniti tatu na kitu, kwa mwezi inapita 90 hiyo hita peke yake. Kwangu nina pipa jeusi juu ya kibaraza, linapigwa na jua tangu asubuhi, saa kumi na moja jioni maji yake unaoga bila kuchanganya na kitu.

Wenye nyumba za kupangisha, wapangaji watano mita moja 75 mtaisahau. Kila mtu na mita yake ndo kila mtu anakuwa na nafasi ya kuingia D1, mnawasaidia watu sana mkilifanya hilo. Na mwezi ukianza mtu akanunua elfu kumi akapata 23 na ushee badala ya 28, asigombane na wakala, ile ni 1,500 ya kodi ya jengo imekatwa.

Jiko la presha la umeme si litanimaliza? Mama wa Veyula.

Shikamoo mama. Hapana, halikumalizi, na natamani kila mama anayepika maharage angelielewa hili. Jiko lenyewe ni wati 1,000 lakini haliwaki muda wote, likishapata presha linajizima linawaka kidogo kidogo, maharage kwa kama saa moja linakula nusu uniti au pungufu. Kwa T1 hiyo haifiki mia mbili, kwa D1 ni kama 60. Mkaa wa kuivisha maharage hayohayo wewe unaujua bei yake kuliko mimi. Ugali sisongi humo, ugali nabaki na gesi.

Nimejenga Mkonze. Kuunganishiwa umeme ni 27,000 au laki tatu?

Inategemea eneo lako linahesabika kijiji au mtaa wa mji. Kijijini 27,000, mjini 320,960 kwa nyumba iliyo ndani ya mita 30 kutoka kwenye nguzo, ukihitaji nguzo unapita laki tano. Dodoma jiji limekuwa kubwa kuna mitaa ina mashamba ya mtama mpaka mlangoni lakini ni mtaa, usibishane na fundi, uliza TANESCO wenyewe au omba kupitia Nikonekt, mfumo wao wa kuomba umeme mtandaoni, ulipie kwa namba ya malipo. Waya za ndani afanye fundi mwenye leseni ya EWURA.

Bati linatuchoma mchana, kuna msaada wa siling'i?

Hakuna mdogo wangu, hiyo ni mfukoni mwako. Kama hela ni ndogo fanya chumba cha kulala kwanza, na mwambie fundi aache matundu ya hewa juu pande mbili, joto lipate pa kutokea.

Sola ya nyumbani mjini hapa inapewa ruzuku?

Miradi ya sola ya REA yenye ruzuku inalenga visiwa na vijiji ambavyo gridi haijafika, wewe wa Nzuguni utanunua mwenyewe. Kama unanunua, nunua ya taa, tivii na chaji za simu kwanza, pasi na jiko uiachie LUKU. Paneli ielekee kaskazini, ilale kidogo tu. Na huku kwetu kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hakuna ni vumbi tupu, paneli inageuka rangi ya udongo na betri haijai, wewe unamlaumu fundi. Pandisha ngazi mara moja kwa wiki na kitambaa chenye maji, alfajiri kioo kikiwa bado cha baridi.