Hizo 40 na 5 zinaweza kuwa kasi ileile

Dada, umeandika kwamba kasi ya intaneti ofisini Mwanga ni 40 na nyumbani Ujiji ni 5. Ile ya ofisini umeisoma kwenye programu ya kupima kasi, na ya nyumbani kwenye faili ulilokuwa unapakua, sivyo? Programu za kupima huhesabu megabiti kwa sekunde. Upakuaji kwenye kompyuta mara nyingi huonyesha megabaiti. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo megabiti 40 ni megabaiti 5. Hakikisha hilo kabla hujaenda kugombana na mtu wa mtandao.

Kama zote ni megabiti, pima upya kwa haki. Kompyuta yenye waya ofisini hailingani na simu iliyo chumba cha pili kutoka kwenye ruta (kifaa kinachogawa intaneti nyumbani), tena saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa mtandaoni. Tumia kifaa kimoja, kaa karibu na ruta, zima vingine, pima asubuhi na usiku. Na tafadhali chagua seva ileile (kompyuta ya mbali ambayo programu inapimia) pande zote mbili, hili wengi wanalipuuza: ukipimia seva ya Ulaya, data inatoka Kigoma hadi pwani kisha inapita chini ya bahari, na muda wa kwenda na kurudi lazima uongezeke. Kila kipimo kinakula bando pia, usirudierudie ovyo.

Vikao vya video vikikatakata, angalia kasi ya kupakia, yaani ya kutuma data, na huo muda wa kwenda na kurudi.