Nisipotundika bendera dukani, mimi si mzalendo?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Mimi ni mama wa Kisomali, asili yetu Wajir, na nina duka la nguo hapa Mombasa. Jamhuri Dei ikikaribia, majirani hutundika bendera ya Kenya madukani mwao. Mimi sikutundika, na mmoja wao akasema mbele ya wateja wangu: "Hawa si wenzetu, hata bendera hawana." Nikataka kununua nitundike yaishe, lakini kijana wangu akanizuia. Amesikia kuwa bendera ni sanamu na kuitundika ni shirki. Nifanye nini?

JIBU: Wa alaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu. Kilichonichoma katika swali lako ni yale maneno uliyoambiwa mbele ya wateja.

La kijana ni jepesi. Shirki ni kumwelekezea ibada asiyekuwa Allah, na anayetundika kitambaa dukani hakisujudii wala hakiombi riziki. Mtume (s.a.w.) alikuwa na bendera katika vita vyake. Katika vita vya Mu'ta aliishika Zayd bin Haritha akauawa, akaipokea Ja'far akauawa, kisha Abdallah bin Rawaha naye akauawa, na Mtume akawapa watu wa Madina habari hiyo huku akitokwa na machozi. Kijana akisema zile zilikuwa za jihadi na hii ni ya nchi, basi tumeshatoka kwenye shirki tukaingia kwenye mambo ya ada, yaani desturi za watu, na asili ya ada ni kuruhusiwa. Unaruhusiwa kutundika. Si wajibu wala si sunna.

La jirani yako ndilo linalonisumbua, kwa sababu nalisikia hata kwa Waislamu: kwamba mwenye bendera ndiye mzalendo, na asiye nayo atiliwe shaka. Hili ni batili.

Katika vita vya Khaybar Mtume alisema kesho atampa bendera mtu anayempenda Allah na Mtume Wake. Masahaba wakakesha kila mmoja akiitamani, akapewa Ali. Bendera gani ilipata sifa kama hiyo? Na katika safari hiyohiyo alikuwemo mtumishi wa Mtume, Mid'am. Njiani wakitoka Khaybar, akiteremsha mizigo, alipigwa mshale akafa. Watu wakasema: hongera yake, amekufa shahidi. Mtume akakataa, akaapa kuwa ile shuka aliyoichukua katika ngawira kabla haijagawiwa inamwakia moto. Mtu alisafiri na bendera ile, akamtumikia aliyeitoa, na haikumfaa kitu mbele ya shuka moja ya mali ya umma. Sasa afisa mwenye bendera juu ya meza, naye chini ya meza anapokea hongo, bendera yake inamshuhudia nini?

Kenya yenyewe imetuonyesha. Juni 2024 bendera ilikuwa mikononi mwa vijana waliopinga Mswada wa Fedha, na ilikuwa pia kwenye magari ya wakubwa waliouleta. Ni bendera ileile kwa pande zote mbili. Itakuwaje ndiyo ya kutuambia nani anaipenda nchi? Sahaba Usama bin Zayd alipomuua mtu vitani, akidai kuwa yule mtu ametamka shahada kwa hofu tu, Mtume alimuuliza: kwani uliupasua moyo wake? Na moyo wako, jirani yako aliupasua lini?

Nami najua kwa nini mkono wako ni mzito. Watu wa Wajir waliuawa katika uwanja wa ndege wa Wagalla Februari 1984, na waliowaua walivaa sare ya nchi hii. Kwa miaka mingi Msomali wa Kenya alipigwa msasa kabla ya kupewa kitambulisho, mpaka Februari 2025 Rais alipotangaza hukohuko Wajir kuufuta. Aliyepitia hayo akabaki, akafungua duka, akalipa ushuru na kusomesha watoto hapahapa, nani wa kumwambia si mwenzetu?

Kwa hiyo usitundike ili yaishe. Ukiogopa kudhuriwa, tundika, huna dhambi. Lakini ikiwa unachoogopa ni ulimi tu, mwakani atakutafutia kipimo kingine. Siku moyo wako ukipenda, inunue na uiweke kwa heshima, isiburuzike wala kuachwa ikachakaa. Jirani mwendee faragha, tofauti na alivyokufanyia, umwambie umeumia. Ana haki ya ujirani hata kama amekosa.

Kijana usimkemee, alihofia dini ya mama yake. Ila muulize kwa upole aliyasikia wapi. Vijana wa Pwani yetu wamevushwa mpaka kwenda kuua kwa mafunzo yanayoanza hivihivi, kwa kuwaita Waislamu wenzao washirikina. Kama ni ustadhi wa madrasa, nenda na baba yake au mjomba wake mkazungumze naye. Kama ni video za kwenye simu, kaa naye mzitazame pamoja, kisha mlete kwangu na maswali yake yote, hata yale anayoona haya kukuuliza wewe.

Wallahu a'lam.