Maswali yenu: tovuti imechakaa, tuanzie wapi?

Safari hii maswali mengi mliyoleta ni ya tovuti zilizozeeka, za vyama, vikundi, maduka, karakana, yaani wale wadogo wadogo ambao hawana mtu wa kompyuta wa kumwajiri. Nimechagua machache nikayafupisha, msinune kama lako halipo, mengi yalikuwa yanafanana.

Kaka habari, mimi ni katibu wa chama chetu. Tovuti yetu ni ya 2011, wajumbe wanasema inatia aibu, wanataka ivunjwe tuanze upya. Mimi naona tuirembe tu tuendelee. Nani yuko sahihi?

Inategemea inaumwa nini, katibu. Aibu peke yake sio ugonjwa. Chukua simu yako, sio kompyuta ya ofisini, zima wifi utumie bando, halafu jifanye mgeni asiyejua lolote kuhusu chama, utafute vitu vitatu: mnafanya nini, mtu anajiungaje, na anawapataje. Kama inabidi uvute skrini kwa vidole viwili ndo usome, hiyo tovuti ilijengwa kwa kompyuta tu. Kurasa zinazojipanga zenyewe kufuata upana wa skrini zilipewa jina na Ethan Marcotte mwaka 2010 na ikachukua muda mpaka mafundi wote wakazizoea, kwa hiyo ya kwenu ya 2011 huenda ilijengwa kabla fundi wenu hajazizoea. Hapo kuremba hakusaidii, kiunzi chenyewe kinabadilishwa. Ukikuta pengo la kijivu mahali palipokuwa na menyu ya kurukaruka, hiyo ni Flash, teknolojia ya zamani ya vitu vinavyocheza kwenye kurasa, Adobe waliacha kuihudumia mwisho wa 2020 na Januari 2021 ikazimwa kabisa, hakuna fundi wa kuifufua. Ila kama shida ni browza kuandika kwamba tovuti si salama, hilo ni dogo, inakosa cheti cha https tu, kile kinachofanya mawasiliano ya mgeni na tovuti yasisomwe na mtu wa katikati. Chrome ilianza kuzitangaza hivyo tovuti zote za http Julai 2018, na cheti chenyewe Let's Encrypt wanatoa bure, kampuni nyingi za hostingi, yaani zinazohifadhi tovuti, unakiwasha kwa kubonyeza mara moja.

Sasa msimamo wangu: kama maandishi yako sawa na tatizo ni sura, hamisheni maandishi kwenye kiunzi kipya, msianze na karatasi tupu. Watu wanapenda "kuanza upya" kwa sababu inawaepusha na kazi ya kukaa kitako wakasoma kurasa zote za zamani na kuamua ipi ibaki ipi iondoke, na hiyo ndo kazi yenyewe.

Kijana aliyetutengenezea tovuti aliondoka na hapatikani. Paswedi hatuna hata moja. Tunaanzaje?

Hapa ndo penye moto, na naomba hata wasiouliza wasome. Kuna vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya: domeni, hostingi, na akaunti ya kuingia ndani ya tovuti kubadilisha maandishi. Domeni, yaani lile jina la anwani yenu linaloishia na .com na mengineyo, ni kiwanja, hostingi ni nyumba iliyojengwa juu yake. Nyumba ikiungua utajenga nyingine, ila kiwanja kikiwa na jina la mtu mwingine una kesi.

Kwa hiyo anza na domeni. Iangalie kwenye Whois, daftari la mtandaoni la usajili wa domeni, ni bure, majina ya wamiliki siku hizi mara nyingi yamefichwa lakini utaona mambo mawili unayoyataka: kampuni iliyosajili, na tarehe ya kuisha. Tarehe iko karibu? Acha mengine yote ushughulike na hilo. Domeni kama za .com zikishaisha muda na kufutwa, mwenyewe anakuwa na siku 30 za kuikomboa, na kukomboa ni ghali kuliko kulipia kawaida, baada ya hapo zinabaki siku 5 kisha inaachiwa yeyote aichukue, na wapo watu kazi yao ni kuvizia hizo tu. Halafu mfuate mweka hazina, mwambie atafute jina la domeni kwenye barua pepe zake na kwenye risiti za zamani, maana kuna mtu amekuwa analipia hii kitu miaka yote hata kama hajui alikuwa analipia nini. Ukipata kampuni, waandikie ukiwa na cheti cha usajili wa chama na hizo risiti. Ni mchakato, watakuzungusha, vumilia.

Ukiirudisha, andikisha kwa jina la chama na imeili ya chama. Na tafadhali, imeili hiyo isiwe ya kwenye domeni hiyohiyo. Domeni ikizimika na imeili inazimika, sasa ile meseji ya kukukumbusha ulipe utaisomea wapi?

Hostingi na akaunti hata mkizikosa kabisa bado mtapona. Maandishi yako wazi kwenye kurasa, nakilini ukurasa kwa ukurasa. Kama tovuti imeshazimika jaribu Wayback Machine ya Internet Archive, ipo wazi kwa watu wote tangu 2001, unaandika anwani yenu inakuonyesha nakala za miaka ya nyuma. Sio kila kitu utakikuta, picha hasa huwa zinakosekana, ila nimeona vikundi vikiokota historia yao yote humo.

Kwani kuna haja ya tovuti? Si tubaki na ukurasa wa Facebook tu?

Kama ni biashara ya mtu mmoja na wateja wote wako huko, baki. Tatizo ni kwamba akaunti inaweza kufungwa usiku mmoja na huna wa kumpigia, na asiye na akaunti anaona nusu ya mambo kisha anaambiwa ajisajili. Tovuti ya ukurasa mmoja, wenye huduma, saa za kazi, namba na ramani, inawatosha wengi. Mkitaka kidogo zaidi ongezeni polepole.

Tuna duka la vipuri, wateja wengi wanatupata kupitia Google. Naogopa tukibadilisha tovuti tutapotea.

Hofu yako ina msingi, ila tovuti nyingi hazipotei kwa sababu ya sura mpya, zinapotea kwa sababu anwani za kurasa zimebadilika na hakuna aliyeelekeza. Tuseme ukurasa wa pampu ulikuwa unaishia na bidhaa.php?id=14, fundi mpya kaupa anwani nzuri inayoishia na pampu-za-maji. Kwako ni ukurasa uleule, kwa Google wa zamani umekufa na huu ni mgeni hana historia, na kila aliyewahi kuweka linki yenu mahali sasa anapeleka watu kwenye ukuta.

Dawa yake inachosha lakini sio ngumu. Fungua lahajedwali, safu ya kwanza anwani zote za zamani, safu ya pili kila moja inaenda wapi kwenye tovuti mpya, mpe fundi aweke maelekezo ya kudumu, ukisema "301" ataelewa, asiweke 302 maana hiyo ni ya muda. Fundi mvivu atakuambia tuzielekeze zote ukurasa wa mwanzo, kataa. Mtu katafuta pampu unamtupa mlangoni aanze kutafuta upya, na Google nayo ikiona hivyo huwa inahesabu kwamba ule ukurasa haupo tena. Google wanashauri maelekezo yakae angalau mwaka, mimi nasema yaache tu, hayali kitu.

Kabla hamjagusa chochote ingieni Search Console, zana ya Google ya wenye tovuti, ni bure na inatunza takwimu za miezi 16, muone ni kurasa zipi zinaleta watu na wanaandika maneno gani wakiwatafuta. Mtashangaa. Mara nyingi sio ukurasa mnaojivunia, ni ule mmoja wa zamani wenye jedwali la saizi za mikanda ambao fundi alitaka kuufuta kwa sababu "haupendezi". Huo usiguswe maneno yake.

Na jambo moja la wanaotumia WordPress, ile programu ya kujengea tovuti: kwenye mipangilio ya usomaji kuna kisanduku cha kuziambia injini za utafutaji zisiiorodheshe tovuti. Mafundi wanakitia tiki wakati wa ujenzi, ni sawa kabisa, halafu siku ya kuzindua watu wanapongezana na tiki inabaki palepale. Wiki kadhaa baadaye mnaulizana wateja wameenda wapi. Siku ya uzinduzi nenda mwenyewe ukaangalie hicho kisanduku.

Kamati yetu ina watu tisa na kila mmoja ana jambo lake anataka likae ukurasa wa mwanzo. Picha ya mwenyekiti, dira na dhamira, slaidi tano zinazopishana, habari za mkutano wa mwaka juzi. Nifanyeje bila kugombana na watu?

Pole dada yangu. Ukibishana nao kuhusu uzuri hutashinda, kila mtu ana macho yake. Nenda na ushahidi. Muombe anayepokea simu ofisini aandike kwenye daftari kila swali linaloulizwa kwa wiki moja au mbili, kisha weka daftari mezani. Hayo maswali matano ya juu ndo ukurasa wenu wa mwanzo, umekwisha. Sijawahi kusikia mtu kapiga simu kuuliza dhamira. Mwenyekiti na dira wana ukurasa wao wa "Kuhusu sisi" na humo wakae kwa heshima zote.

Slaidi zinazopishana, kusema kweli, ni njia ya kamati kukwepa kuamua. Kila mmoja anapewa yake, na msomaji wa simu ameshashuka chini kabla ya pili haijafika. Chagueni moja. Na mteueni mtu mmoja mwenye neno la mwisho, manahodha wengi chombo huenda mrama.

Ugomvi ukiisha pigania maandishi, maana hapo ndo tovuti nyingi zinakufa. Utakuta imeandikwa "Kikundi chetu kinajihusisha na utoaji wa huduma bora na zenye viwango kwa wadau mbalimbali." Nimesoma mara tatu sijui mnauza samaki au mnafundisha kuogelea. Andika "Tunafundisha vijana ushonaji. Darasa ni Jumatatu mpaka Alhamisi jioni. Kujiunga piga namba hii." Mjumbe atasema haina hadhi. Muulize yeye angepiga simu baada ya kusoma ipi.

Tovuti mpya ni nzuri ila kwenye simu inafunguka kwa kusuasua. Fundi anasema ni mtandao wetu.

Inaweza kuwa, ila mimi ningeanza na picha. Picha iliyotoka moja kwa moja kwenye simu inaweza kuwa na upana wa pikseli 4000 na uzito wa MB 4, mkiziweka sita ukurasa wa mwanzo mnamlipisha mgeni bando la MB 24 kabla hajasoma neno. Zipunguzeni upana hadi 1600 au chini, zihifadhiwe kwa WebP, aina nyepesi ya faili la picha, nyingi zitashuka chini ya KB 300 na hakuna atakayeona tofauti. Kisha peleka anwani yenu PageSpeed Insights, kipimo cha kasi cha Google, bure, muonyeshe fundi majibu. Google wanahesabu ni vizuri kama kile kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini ya kwanza kinaonekana ndani ya sekunde 2.5. Na mkiwa hapohapo mwambieni aache maandishi ya kijivu hafifu kwenye weupe, wenye macho ya kusumbua hawasomi hayo, na hata mwenye macho mazima akiwa juani hasomi.

Tulihamia hostingi mpya Ijumaa. Tovuti iko poa, ila imeili za ofisi hazifiki tangu siku hiyo.

Hii ya kwenu ya haraka. Karibu kila mara ni kwamba mmeielekeza domeni kwenye kampuni mpya na rekodi za MX, zile zinazosema barua pepe zipelekwe seva gani, hazikunakiliwa. Ingieni kampuni ya zamani kabla hawajafuta akaunti, nakilini MX na zile za TXT zote, rekodi za maandishi ambazo baadhi huthibitisha imeili zenu ni za kweli, ziwekeni kule kupya herufi kwa herufi. Zikikaa sawa imeili zitaanza kuingia baada ya masaa. Zilizotumwa katikati, baadhi zitafika zenyewe kwa sababu seva nyingi hujaribu tena kwa siku kadhaa, zilizokataliwa zimeshamrudia mtumaji, wapigieni wale muhimu. Na Ijumaa msihame tena jamani, nani anapatikana Jumamosi?

Muziki ujipige wenyewe mtu akifungua? Hapana.

Kile kihesabio cha wageni chini ya ukurasa? Kitoeni, kinawasema vibaya.

Tumezindua tovuti mpya na fomu ya mawasiliano haijaleta ujumbe hata mmoja. Ina maana watu hawatutaki?

Msikate tamaa, ijaribuni kwanza. Angalieni inapeleka kwa nani, kuna fomu ngapi bado zinapeleka kwa mtu aliyeacha kazi! Kama anwani ni sahihi tazameni kwenye spamu, kwa sababu fomu nyingi zinatuma ujumbe kana kwamba umetoka kwenye imeili ya mgeni, wakati umetoka kwenye seva yenu, na mifumo ya barua pepe inaona huo ni ulaghai. Google na Yahoo wamekaza zaidi tangu Februari 2024. Fundi aweke mtumaji awe imeili ya domeni yenu, anwani ya mgeni iwekwe sehemu ya kujibia, na itumwe kwa SMTP, yaani kupitia akaunti halisi ya imeili, badala ya kuachia seva ya tovuti itume kivyake. Mkijaribu, jazeni fomu kwa imeili ya nje, sio ya ofisi, kisha rudieni kila mwezi maana huwa inakufa kimyakimya baada ya plagini, vile viongezo vya tovuti, kusasishwa. Na pembeni ya fomu wekeni namba ya simu, kubwa, ya kubonyezeka.